Uliandika Mbili, Mimi Niliandika Moja

Shangazi,

Sitakuuliza hali, maana hali yako naijua. Nianze na habari ambayo ungeacha mwiko ndani ya sufuria ili uisikilize vizuri: nimeolewa.

Nimeolewa, Shangazi, na ninampenda mume wangu hadi naona aibu mbele ya watu. Anaitwa Mesiaki. Ni mrefu, ana sauti ya chini, na akicheka hufunga macho kabisa kama mtu anayeonja kitu kitamu. Anafanya kazi uwanja wa ndege, anapakia mizigo. Kila asubuhi kabla hajatoka huweka buti zangu kando ya kipasha joto ili miguu yangu isikutane na baridi. Sikujua kwamba mwanamume anaweza kuikumbuka miguu ya mtu. Jioni nikisikia lifti ikisimama kwenye ghorofa yetu moyo unaruka, na mara nyingi si yeye, ni jirani na mbwa wake, lakini moyo umesharuka.

Sasa nikwambie nilipompata, na usinicheke. Nilimpata kwenye msiba wako. Watu wa kanisa walikuja kutoka mtaa wa Dixon na sufuria kubwa la mtori wa ndizi, sebule ikajaa, wakaanza kuimba. Mimi nikakimbilia jikoni nilie peke yangu. Nikamkuta kijana nisiyemjua amevaa aproni yako yenye maua, anasugua masufuria. Akanitazama, akaona macho yangu. Akasema tu, "Pole, dada. Hili limegoma." Lilikuwa lile sufuria lako lililoungua chini tangu sijaja Kanada. Nikacheka. Siku tuliyokuzika nilicheka, Shangazi, na nimekuwa nikicheka na mtu huyo tangu siku ile.

Harusi ina wiki tisa sasa. Kile kitenge chako cha zambarau nilikitandika kwenye kiti cha mbele kanisani, na mtu asikae. Mchungaji alidhani ni pambo.

Ningetamani barua iishie hapo. Ungeniona nyumbani ungesema nimenenepa kwa raha. Lakini Alhamisi nina mtihani wa chuo cha unesi, na ni wewe peke yako ninayeweza kumwambia kwa nini sitafaulu.

Ni ule mtihani wa dawa zako. Wenzako hospitalini waliziita kwa jina refu la kitaalamu, wewe uliziita dawa zisizosamehe: insulini, morfini, heparini ya kuzuia damu isigande, potasiamu ya kwenye dripu. Dawa nyingine ukikosea kidogo mwili unakusitiri, hizi hazikusitiri. Miaka yote niliyokaa kwako Weston, kazi yako ilikuwa kuwafundisha manesi wapya kuzitoa bila kukosea na bila kutetemeka. Ulisema yote mawili ni muhimu, kwa sababu mwenye kutetemeka hukosea na asiyetetemeka kamwe hukosea zaidi.

Na mimi, binti wa Kidato cha Nne niliyekuja kukuoshea vyombo na kutafuta maisha, ulinifundisha hapo hapo mezani kabla sijajiunga na kozi yoyote. Ulinipa karatasi, ukachukua yako. Ukaweka chupa ya maji katikati na kadi yenye maagizo ya daktari wa kutunga. Kila mtu asome chupa mwenyewe. Kila mtu apige hesabu mwenyewe. Kila mtu aandike namba na kulaza karatasi kifudifudi, bila kumwonyesha mwenzake, bila hata kuguna. Kisha tunafunua pamoja. Zikifanana, tunasema, "Zimelingana." Zisipofanana, mmoja anasema, "Hazilingani," na dawa haitoki mezani mpaka tujue ni kwa nini.

Jambo rahisi. Mtoto wa shule anaweza. Lakini ulikuwa na mchezo wako. Mara moja moja uliandika namba ya uongo makusudi, ukaifunua na kuisoma kwa sauti ile ya mwenyekiti wa kikao cha ukoo. Mara ya kwanza nilipoiona nikajua umekosea, lakini nikasema, "Zimelingana, Shangazi." Ningekwambiaje? Wewe uliyembeba baba yangu mgongoni kwa kanga? Ukavua miwani, ukasema polepole, "Umemuua."

Nikasema, "Nani?"

"Mgonjwa wangu. Umemuua kwa adabu."

Ukaniambia manesi wetu wote wana ugonjwa huo, wa kutoka Moshi, wa Nairobi, wa Kinshasa, na wale wa Manila pia, hodari kabisa, mikono safi, lakini mwenye mvi akisema namba wanatikisa kichwa. Ukasema, "Shikamoo ni ya mlangoni, mwanangu. Ukishaitoa, adabu imekwisha. Ingia unikague." Tangu siku ile hatukuanza zoezi bila mimi kusema shikamoo, nawe kujibu, "Marahaba, na adabu imekwisha."

Huu mtihani nimeushindwa mara mbili. Mara ya kwanza, mwalimu, mama mtu mzima mwenye nywele nyeupe, alifunua namba ya uongo kama ulivyokuwa ukifanya wewe. Nilijua kwamba ni ya uongo kabla haijafika mezani. Mdomo wangu ukasema zimelingana. Mara ya pili namba zetu zilifanana kabisa, yake na yangu, na nikashindwa kusema neno lolote. Nilisimama mbele ya yule mgonjwa wa plastiki na bomba la sindano mkononi mpaka muda ukaisha. Alhamisi ni mara ya tatu, na kwa kanuni ya chuo hakuna ya nne. Walimu wanadhani ni woga wa mtihani. Mesiaki anadhani ni huzuni. Wewe sasa utaujua ukweli.

Unakumbuka ulipoanza kushindwa kula, daktari akaandika morfini ya maji. Chupa ya kahawia, na bomba dogo la plastiki la kuingizia mdomoni. Nesi wa kuzunguka majumbani alinielekeza, wewe ukamsikiliza kwa heshima, na alipoondoka ukasema, "Sasa lete karatasi." Ulikuwa mgonjwa, lakini ulitaka uwe pia mkaguzi wa dawa yako. Kila asubuhi baada ya chai, na kila daktari alipoongeza dozi, tuliandika. Karatasi zako zilikuwa vipande vya kalenda ya mwaka uliopita ulivyovikata kwa mkasi, kila siku kipande cha tarehe yake. Nilisema shikamoo, ukasema adabu imekwisha, tukafunua. Mililita mbili, mililita mbili. "Zimelingana." Ulifurahi kila mara kana kwamba tumefunga goli. Siku moja ukasema, ukitazama mto kutoka dirishani, "Eliwaza, siku nitakayokosea hesabu hii, ujue nimekwisha."

Ulisema kwa mzaha. Mimi sikuyachukua kama mzaha.

Kisha duka la dawa likaleta chupa mpya. Umbo lile lile, rangi ile ile, karatasi ya nje ile ile ya njano. Lakini chupa ya kwanza ilikuwa na miligramu tano kwa kila mililita, na hii ilikuwa na kumi. Dawa ilikuwa nzito mara mbili. Wiki ile ulikuwa umeniita kwa jina la mama yangu mara mbili, na ulitia chumvi kwenye chai. Nilikuwa nimeanza kukuangalia kwa jicho la pembeni. Nikakupa chupa uisome kama kawaida. Uliishika, ukaigeuza kidogo, ukanirudishia. Miligramu kumi, alikuwa ameandika daktari. Tukaandika. Tukafunua.

Wewe uliandika mbili. Mimi niliandika moja.

Nikaitazama ile mbili yako, mwandiko wako mzuri wa shule ya misheni, na nikasikia tu yale maneno, ujue nimekwisha. Nikakusanya karatasi zote mbili haraka kabla hujaiona yangu. Nikasema, "Zimelingana, Shangazi."

Ukafunga macho ukatabasamu. "Goli," ukasema.

Nilikupa mililita moja. Nilikupa kile nilichoamini ni sahihi. Lakini kuanzia siku ile nilikudanganya kila asubuhi kwa wiki tano. Dozi ilipopanda, siku moja niliona umeandika nne. Nne, Shangazi, kwa dawa ile. Nilikwenda bafuni, nikafungua maji, nikalia kwa sababu akili yako ilikuwa imekwenda, na nikarudi nimenawa uso nikakwambia zimelingana. Baada ya hapo sikuzitazama tena karatasi zako. Nilizikunja na kuzitia kwenye kopo la biskuti. Za kwangu nilizitupa, na baadaye niliacha kabisa kuandika, nikapiga hesabu kichwani huku nikifungua chupa. Nesi wa kuzunguka aliuliza kama bado tunakaguana wawili. Nikamjibu ndiyo, wala sikupepesa macho. Alinisifu.

Kwa hiyo kwa wiki tano hapakuwa na mkaguzi. Nilikuwa mimi, niliyechoka, niliyelala kwenye kochi kwa vipande vipande, nikipima dawa isiyosamehe kwa hesabu ya kichwani. Asubuhi ile ya mwisho uliposhindwa kuamka, wote walisema ni ugonjwa, umefika mwisho wake kwa amani. Daktari alisema hivyo. Huenda ni kweli. Lakini siwezi kujua, kwa sababu karatasi zangu sinazo. Nikisimama mbele ya yule mgonjwa wa plastiki na kutakiwa kusema zimelingana, neno linatoka lenyewe kama ni uongo, na kama ni kweli linakwama. Hiyo ndiyo hali yangu.

Mume wangu hayajui haya. Anajua tu kwamba lazima nifanye mazoezi, na yeye, mwanamume asiyejua sindano na anayegeuza uso akiiona kwenye televisheni, akajitolea kuwa mkaguzi wangu. Nilitoa lile sanduku la kadi zako za kufundishia, tukakaa kwenye meza yako ile ile. Nikamweleza kanuni zote. Akanunua hadi kalamu mpya, Shangazi, ya kwake maalumu. Lakini kila nilipofunua namba, yeye aliitazama, akafunika yake kwa kiganja na kusema, "Sawa kabisa, mke wangu."

"Nionyeshe yako."

"Ya nini? Wewe ukikosea, basi hesabu yenyewe ndiyo imekosea."

Kwa mke mpya, maneno hayo ni asali. Nilimbusu. Halafu usiku ule ule nikawaza kwamba nimeolewa na mtu ambaye angeniua kwa adabu, na kwamba nimestahili kabisa.

Jumapili baada ya kanisa nilimwambia hadithi yako ya mgonjwa aliyeuawa kwa adabu. Sikumwambia mengine. Aliichezea kofia yake. Kisha akasema, "Kazini nikimwambia msimamizi mzigo umekaa sawa kumbe haujakaa, ndege haitajali kama nampenda." Akavuta kiti. "Lete kadi."

Kadi ya kwanza, heparini, chupa ya vipimo elfu tano kwa kila mililita. Zimelingana. Kadi ya pili, heparini tena, mgonjwa anataka vipimo elfu nane. Nikaandika moja nukta sita, haraka, kwa raha, nikiwa na hakika kabisa. Tukafunua. Mesiaki akakohoa. Masikio yalikuwa yamemwiva kwa haya.

"Mke wangu, nisamehe. Hazilingani."

Alikuwa ameandika sifuri nukta nane. Nikamwambia amekosea, arudie. Akarudia na kalkuleta ya simu, kidole kimoja kimoja, akapata ile ile. Nikachukua kadi. Chupa ya kadi ya pili ilikuwa ya elfu kumi, si elfu tano. Nilikuwa nimeibeba chupa ya kwanza kichwani hadi kwenye kadi ya pili. Ningempa mtu dawa ya damu mara mbili ya kipimo chake. Akili yangu ni nzima, nimelala kwa saa nane nzima, nina mume mzuri, hakuna anayekufa mbele yangu, na nimekosea.

Mesiaki alidhani ninalia kwa sababu amenisahihisha. Akaanza kuomba msamaha, masikini. Mimi nilikuwa nimeshasimama nikitafuta kopo la biskuti.

Shangazi, nilizifunua zote. Nilizipanga mezani kwa tarehe za ile kalenda. Uliandika miligramu upande wa kushoto na mililita upande wa kulia, kila siku, hadi siku mbili kabla hujaondoka. Kumi, mbili. Kumi na tano, tatu. Ishirini, nne. Ishirini na tano, tano. Mwandiko unalegea, herufi zinateleza, lakini gawanya, Shangazi, gawanya kila moja kwa tano, kwa nguvu ya ile chupa ya zamani. Hakuna hata moja iliyokosewa. Hata ile nne niliyoilia bafuni.

Akili yako ilikuwa nzima. Macho ndiyo yalikuwa yamekwisha, hukuweza tena kusoma ile karatasi ya njano na hukutaka kusema, ukaandika kwa chupa uliyoikumbuka. Ulikosea kitu kimoja, mara moja, kile kile nilichokosea mimi Jumapili nikiwa mzima wa afya, kile ulichowaonya manesi wote miaka yote, kwamba chupa mpya hufanana na ya zamani. Na ndiyo sababu ya kuwa wawili. Ningesema neno moja tu asubuhi ile, ungeniambia, "Lete chupa, nisomee," ungegonga paji la uso, ungeandika moja, na ungejisimulia kwa kila mgeni kama mfano wa darasani. Ungebaki nesi hadi siku ya mwisho. Mimi nikakufanya mgonjwa aliyechanganyikiwa. Nilikustaafisha bila kukwambia, nikakuacha unapiga hesabu sahihi za chupa iliyokwisha kutupwa, na kushangilia magoli ambayo hayakuwapo.

Na bado sijui juu ya hesabu zangu mimi. Hilo kopo halinisaidii. Lina zako tu.

Mesiaki aliuliza karatasi zile ni za nini. Nikamwambia ni za kwako, na ni nzuri zote. Mengine nitamwambia, nikipata ujasiri. Naogopa atanisamehe haraka mno. Ndivyo alivyo.

Alhamisi nitakwenda. Atanisindikiza hadi kituo cha treni Weston, ameomba kubadilishiwa zamu. Sina matumaini ya kufaulu, na hata nikifaulu sijui nitauweka wapi ushindi huo. Siku za usoni nikiziangalia naona mume ninayempenda na kitu kizito kilichokaa naye meza moja, na sidhani kama kitaondoka. Lakini nakuahidi hili, Shangazi, na ndilo tu ninaloweza kuahidi. Sitaficha tena karatasi ya mtu. Awe mwalimu, awe mume, awe mzee anayekaribia kufa na kutabasamu, nitamwambia namba niliyoiona, na nitamwachia haki ya kukosea na kuambiwa.

Basi nakuaga, maana sijakuaga bado. Siku ile nilikuaga kwa uongo.

Shikamoo, Shangazi.

Najua unavyojibu. Adabu imekwisha. Hazilingani. Chupa ni mpya, mililita moja ina miligramu kumi. Uliandika mbili. Andika moja.

Mwanao,
Eliwaza